Wahitimu na Shule za Parokia Zilizojengwa na Waayalandi nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wahitimu wa shule za parokia za Kikatoliki nchini Marekani zilizoanzishwa na wahamiaji kutoka Ayalandi, pamoja na familia zinazozungumza Kiswahili ambazo watoto wao wanasoma au wamesoma humo. Mahali ambapo swali moja linagusa jingine, msomaji ataelekezwa kwa namba.

## Asili ya shule hizi

1. Shule ya parokia ni shule ya namna gani?

Ni shule inayoendeshwa na parokia yenyewe, kwa kawaida kuanzia chekechea hadi darasa la nane. Paroko ndiye msimamizi wake wa juu, na mkuu wa shule huendesha shughuli za kila siku. Haifanani na sekondari ya Kikatoliki, ambayo mara nyingi ni mali ya jimbo la Kanisa, yaani eneo linaloongozwa na askofu, au ya shirika la watawa na ina ofisi maalumu ya kuwafuatilia wahitimu wake.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika suala la michango. Mhitimu anaondoka shule ya parokia akiwa na umri wa miaka 13 au 14, kisha sekondari yake humwandikia barua kila mwaka, na chuo kikuu humwandikia mara nyingi zaidi. Shule iliyomfundisha kusoma, kuandika na kusali haimwandikii, kwa sababu haina mtu wa kufanya kazi hiyo. Wahitimu wengi hawajawahi kukataa kuisaidia, hawajawahi kuombwa.

2. Kwa nini wahamiaji maskini walijenga shule zao ilhali shule za umma zilikuwepo?

Kwa sababu shule za umma za wakati huo hazikuwa mahali salama kwa imani yao. Katika jiji la New York, shule zilizopata fedha za umma ziliendeshwa na chama cha watu binafsi kilichotumia Biblia ya Kiprotestanti na vitabu vilivyowadharau Wakatoliki waziwazi. John Hughes, mzaliwa wa Tyrone nchini Ayalandi aliyefika Marekani mwaka 1817 na kufanya kazi ya bustani kabla ya kupewa upadre, aliongoza mapambano ya kudai fungu la fedha hizo kwa ajili ya shule za Kikatoliki. Sheria ya mwaka 1842 ilikivunja nguvu chama kile, lakini pia ilikataza fedha za umma kwenda katika shule zinazofundisha dini. Hughes, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa kwanza wa New York, akahimiza kwamba shule ijengwe kwanza na kanisa lifuate.

Huko Philadelphia hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1844 mabishano yaliyohusu Biblia shuleni yaligeuka ghasia, watu wakauawa, na makanisa ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Agustino yakateketezwa kwa moto. Mwaka uliofuata viazi vilianza kuoza mashambani Ayalandi, na njaa iliyodumu hadi mwaka 1852 iliwaua watu wapatao milioni 1 na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni 1 kuhama. Walioteremka melini walikuwa vibarua wa bandarini, wachimbaji wa mifereji na wasichana wa kazi za nyumbani. Senti zao za Jumapili ndizo zilizonunua matofali.

Mwaka 1884 maaskofu wa Marekani waliokutana Baltimore waliagiza kila parokia iwe na shule katika muda wa miaka miwili, na desturi iliyokuwa ya baadhi ya majiji ikawa wajibu wa nchi nzima.

3. Wazazi wetu hawakulipa karo, au walilipa kidogo sana. Leo kwa nini ni ghali?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote, na jibu lake halipo kwenye ubadhirifu. Jibu lake ni masista.

Kwa zaidi ya miaka mia moja gharama kubwa kuliko zote za shule, yaani mishahara, ilibebwa na watawa waliofundisha kwa posho ndogo na kuishi pamoja katika nyumba iliyo jirani na kanisa. Masista wa Huruma, walioanzishwa Dublin na Catherine McAuley mwaka 1831, walifika Pittsburgh mwaka 1843 wakiongozwa na Frances Warde, na miaka mitatu baadaye walikuwa wameshafungua nyumba Chicago. Shirika jingine, la Masista wa Upendo wa Bikira Maria Mbarikiwa, lilianzishwa na wanawake wa Dublin waliovuka bahari hadi Philadelphia mwaka 1833 na hatimaye wakahamia Iowa. Mwaka 1920 zaidi ya asilimia 90 ya walimu wa shule za Kikatoliki walikuwa watawa. Leo hawafiki asilimia 5.

Mwalimu mlei ana kodi ya nyumba, ana watoto, anahitaji bima ya afya na pensheni, na ni haki yake kupata vyote hivyo. Zaidi ya hayo, majengo mengi yana umri wa miaka mia moja au zaidi: mtambo wa kupasha joto ukiharibika mwezi Januari, wanafunzi huketi darasani wakiwa wamevaa makoti mpaka fundi apatikane, na bili ya fundi huyo inaweza kumeza karo ya mwaka mzima ya watoto kadhaa. Kwa hiyo ile karo ndogo ya zamani haikuwa bei halisi ya elimu. Sehemu kubwa ililipwa na wanawake ambao hawakupata kumiliki chochote, na mhitimu anayechangia leo anashika nafasi waliyoiacha wazi.

4. Wanafunzi wa leo si Waayalandi. Je, shule hiyo bado ni yetu?

Ni kweli kwamba wajukuu wa waanzilishi walihamia vitongojini, hasa baada ya vita ya pili ya dunia, na mitaa yao ikapokea watu wengine: Wamarekani weusi, watu wa Puerto Rico na Mexico, Wavietnamu, na katika miji kama Buffalo, familia za Wakongo na Warundi zilizofika kama wakimbizi. Takriban mtoto mmoja kati ya watano katika shule za Kikatoliki za Marekani si Mkatoliki.

Nionavyo, jambo hili linaongeza sababu ya kuchangia. Shule ilijengwa kwa ajili ya watoto wa wahamiaji maskini waliotazamwa kwa mashaka na wenyeji, na watoto wa namna hiyo ndio walio darasani sasa. Mama wa Kikongo anayemsindikiza mwanawe asubuhi akiwa amevaa sare ya usafi wa hotelini yuko karibu zaidi na waanzilishi wa shule ile kuliko wengi wetu tunaobeba majina yao ya ukoo.

5. Je, hili ni sawa na shule za wamisionari wa Kiayalandi Afrika Mashariki?

Zina undugu, lakini si jambo moja. Masista wa Loreto waliofika Kenya mwaka 1921, na Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha shule ya St. Mary's jijini Nairobi mwaka 1939, walitumwa kwa watu wengine wakitegemezwa na waamini wa kwao. Kule Marekani wahamiaji walijijengea wenyewe, kwa ajili ya watoto wao wenyewe. Msomaji aliyewahi kushiriki harambee ya kujenga darasa kijijini ataielewa historia ya Waayalandi wa Marekani upesi kuliko mtu aliyezoea shule zilizojengwa na mfadhili mmoja tajiri.

## Kutoa mchango

6. Mchango mdogo una faida gani?

Una faida kubwa ukiwa wa kila mwezi. Mkuu wa shule hupanga bajeti miezi kadhaa kabla ya mwaka wa masomo kuanza, na hawezi kumwajiri mwalimu kwa kutegemea zawadi ambayo huenda ikaja au isije. Wahitimu 100 wanaotoa dola 25 kila mwezi huleta dola 30,000 kwa mwaka, fedha ambazo mhasibu anaweza kuziandika kwenye makadirio kwa ujasiri. Zawadi moja kubwa inayofika Desemba baada ya chakula cha jioni cha heshima inapendeza, lakini haijibu swali la Machi: tumwambie mwalimu wa darasa la tatu abaki au atafute kazi kwingine?

Idadi ya wanaotoa nayo ina kazi yake. Mashirika ya ufadhili hupenda kujua ni wahitimu wangapi wanaiunga mkono shule yao wenyewe kabla hayajafungua mkoba.

7. Nielekeze fedha zangu kwenye nini: karo, jengo au mfuko wa kudumu?

Kwa shule iliyo katika hali ya kawaida, anza na msaada wa karo, kwa sababu mtoto anayekosa nafasi mwaka huu hatangojea. Mfuko wa kudumu, ambao mtaji wake hauguswi na ni sehemu tu ya faida inayotumika, kwa kawaida asilimia 4 au 5 kwa mwaka, ni mzuri lakini wa polepole: dola 500,000 huzaa dola 20,000 hadi 25,000. Jengo lichangiwe pale ambapo kuna tathmini ya mhandisi na makadirio yaliyoandikwa.

Kuhusu vibao vya kumbukumbu, nitasema wazi. Si vibaya kuandika jina la marehemu mzazi ukutani, lakini ikiwa fedha ni za jambo moja tu, umfadhili mtoto kwa jina la mzazi huyo.

8. Je, jimbo au paroko anaweza kuzitumia fedha hizo kwa jambo jingine?

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, inasema kwamba sadaka iliyotolewa kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo pekee, na sheria za majimbo ya Marekani kuhusu fedha za hisani hulinda vivyo hivyo nia ya mtoaji. Ulinzi huo una nguvu pale tu nia ilipoandikwa. Hundi yenye maneno "kwa shule" inaacha nafasi pana. Barua ya mistari mitatu inayosema fedha ni za karo ya wanafunzi wenye uhitaji, na kwamba shule ikifungwa ziwafuate wanafunzi hao wanakokwenda, inaifunga nafasi hiyo.

Kumbuka pia kwamba sadaka ya kawaida ya parokia hukatwa mchango wa jimbo kwa viwango vinavyotofautiana. Uliza mapema kama zawadi za shule zinakatwa.

9. Nitapata nafuu ya kodi?

Kwa mlipakodi wa Marekani, parokia za Kikatoliki zinatambuliwa kuwa taasisi za hisani, hivyo mchango unaweza kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi kwa masharti ya kawaida. Mchango wa dola 250 au zaidi unahitaji barua ya shule inayoeleza kiasi kilichotolewa na kama mtoaji alipewa kitu. Ukinunua tiketi ya chakula cha jioni, sehemu inayohesabika ni ile tu inayozidi thamani ya chakula. Mhitimu aliyefikisha miaka 70 na nusu anaweza kuelekeza fedha kutoka akaunti yake binafsi ya akiba ya uzeeni moja kwa moja kwenda parokiani bila fedha hizo kuhesabiwa kama mapato yake. Wengi hawaijui njia hii, na kwa wazee ndiyo bora kuliko zote.

Mhitimu anayeishi na kulipa kodi Nairobi au Brussels asitegemee nafuu ya Marekani, wala ya huko aliko, kabla ya kumuuliza mshauri wa kodi wa mahali hapo.

10. Naweza kumlipia karo mpwa wangu na kuihesabu kama mchango?

Hapana. Karo ni malipo ya huduma, na zawadi iliyotengwa kwa mtoto mmoja unayemtaja kwa jina haihesabiwi kuwa ya hisani. Mlipie mpwa wako kwa sababu ni mpwa wako, na kando yake uchangie mfuko ambao shule yenyewe inaamua nani apewe.

11. Serikali si inalipa siku hizi?

Inategemea jimbo la Marekani unaloishi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu vocha, yaani fedha za serikali za kumlipia mtoto karo, zitumike katika shule za dini mwaka 2002, katika kesi iliyotoka Cleveland, na hukumu za mwaka 2020 na 2022 zilipanua mlango huo. Pennsylvania imekuwa na punguzo la kodi kwa kampuni zinazofadhili wanafunzi tangu mwaka 2001. Illinois, kwa upande mwingine, iliacha mpango wake uishe mwishoni mwa mwaka 2023, na shule zilizokuwa zimejenga bajeti juu yake zikatafuta fedha upya. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2025 imeweka punguzo la kodi la hadi dola 1,700 kwa mtu anayechangia mashirika ya ufadhili wa wanafunzi, kuanzia mwaka 2027, katika majimbo yatakayokubali kushiriki. Fedha hizi zipokelewe kwa shukrani, lakini kinachotolewa na bunge moja huweza kuondolewa na bunge linalofuata.

## Kuunda umoja wa wahitimu

12. Shule haina orodha ya wahitimu. Tuanzie wapi?

Anzeni na madaftari ya zamani, kwa ruhusa ya paroko, na picha za Komunyo ya Kwanza, ambazo mara nyingi zina mwaka na majina nyuma. Tafuteni mtu mmoja wa kila darasa, kwa kawaida yule anayekumbuka nani aliolewa na nani, maana wanawake wengi walibadilisha majina na bila mtu huyo nusu ya darasa hupotea. Wahitimu wa miaka ya karibuni wasisahaulike: umoja wenye majina ya Kiayalandi tu katika shule iliyopokea Walatino kwa miaka arobaini unakuwa umewafungia mlango wahitimu wake walio hai zaidi.

Majina, anwani na simu zitunzwe na shule, zisitunzwe kwenye simu ya mtu mmoja.

13. Sina fedha. Naweza kutoa muda?

Ndiyo, na fundi bomba, mhasibu au mwalimu mstaafu anaweza kuwa na thamani kuliko hundi. Mtu yeyote atakayekuwa karibu na watoto lazima apite mafunzo ya ulinzi wa watoto na uchunguzi wa rekodi zake, kama mkataba wa maaskofu wa mwaka 2002 uliopitishwa Dallas unavyotaka. Asichukizwe mtu na sharti hili hata kama alibatizwa katika kanisa hilohilo.

14. Sherehe ya Mtakatifu Patrick inatosha kuwa siku yetu?

Tarehe 17 Machi ni siku njema ya kukutana, na hakuna sababu ya kuiacha. Hata hivyo, iandaeni pamoja na wazazi wa sasa, na mchango uombwe pia katika Wiki ya Shule za Kikatoliki mwishoni mwa Januari, wakati ambapo wahitimu wanaweza kuingia madarasani na kuwaona watoto wakiwa kazini.

15. Tukichangia, tutakuwa na sauti katika uendeshaji?

Mtakuwa na sauti ya ushauri. Jina la Kikatoliki na uongozi wa shule viko chini ya askofu na paroko. Mnachoweza kudai kwa haki ni hesabu: ripoti ya kila mwaka yenye idadi ya wanafunzi, mapato, matumizi, deni na kiasi cha karo kilichosamehewa. Shule inayosita kutoa ukurasa mmoja wa namna hiyo isishangae wahitimu wakisita pia.

## Hali ngumu

16. Tumesikia shule yetu inaweza kufungwa. Tufanye nini?

Tendeni kabla ya tangazo, kwa sababu tangazo likishatolewa wazazi huanza kuwahamisha watoto, na idadi ikianguka uamuzi hujithibitisha wenyewe. Dalili huonekana miaka kadhaa kabla: uandikishaji wa chekechea unapungua, madarasa yanaunganishwa, parokia inaikopesha shule kila kiangazi. Katikati ya miaka ya 1960 shule za Kikatoliki za Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 2. Hakuna parokia iliyo juu ya wimbi hilo.

Ombeni kikao na paroko na ofisi ya elimu ya jimbo, mkiwa na ahadi zilizosainiwa za miaka mitatu au mitano. Ulizeni mambo matatu: pengo la mwaka ni dola ngapi, ni wanafunzi wangapi wanahitajika ili liweze kuzibika, na nani atakayewatafuta. Jambo la tatu ndilo husahaulika, nalo ndilo linaloamua.

17. Je, fedha nyingi zinaweza kuiokoa shule?

Zinaweza kuokoa jengo kwa hakika zaidi kuliko shule. Kanisa la Mtakatifu Brigid katika mtaa wa East Village, New York, lilijengwa mwaka 1848 na wahamiaji waliokimbia njaa, na msanifu wa jengo lake alikuwa Patrick Keely, mzaliwa wa Thurles nchini Ayalandi. Lilifungwa mwaka 2001 kwa sababu ya nyufa, waamini wa zamani wakapigana mahakamani lisibomolewe, na mwaka 2008 mtoaji asiyejulikana akaahidi dola milioni 20: milioni 10 za kulikarabati kanisa, milioni 2 za mfuko wa parokia, na milioni 8 za shule ya parokia na mahitaji mengine ya elimu. Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 2013. Shule ilifungwa mwaka 2019.

Sisemi kwamba zawadi ile ilipotea, kwani watoto walisoma kwa miaka hiyo na kanisa lingali limesimama. Lakini mtaa ulikuwa umebadilika, kodi za nyumba zilikuwa zimepanda, na familia zilizojaza madawati zilikuwa zikiondoka. Linganisha na Chicago: parokia ya Old St. Patrick's, iliyoanzishwa na Waayalandi mwaka 1846, ilibaki na waamini wanne tu walioandikishwa mwaka 1983. Paroko mpya aliwaita vijana waliofanya kazi katikati ya jiji, na mwaka 1989 ikafunguliwa shule inayobeba jina la Frances Warde, yule sista wa jibu la 3. Huko watu walitangulia, fedha zikafuata.

18. Nilidhulumiwa nikiwa shuleni. Wanaponiandikia kuomba mchango, niwajibu nini?

Huna deni lolote kwao, wala huna wajibu wa kujibu. Ukitaka, omba kwa maandishi jina lako liondolewe kwenye orodha. Kila jimbo linapaswa kuwa na mtu wa kuwahudumia waliodhulumiwa, lakini unaweza kwenda polisi au kwa mwanasheria moja kwa moja bila kupitia Kanisani, hata kama miaka mingi imepita.

Wahitimu wengine huuliza kama michango yao italipa fidia. Majimbo kadhaa ya Kanisa, likiwemo la Buffalo mwaka 2020, yameomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, na parokia zimetakiwa kuchangia malipo. Fidia kwa waliodhulumiwa ni haki yao. Anayetaka fedha zake ziende kwa wanafunzi pekee aandike nia yake kama ilivyoelezwa katika jibu la 8, au apitie mfuko unaojitegemea, kama Big Shoulders Fund ya Chicago iliyoanzishwa mwaka 1986.

19. Shule yangu imeshafungwa. Kuna ninachoweza kufanya?

Kwanza, vyeti na rekodi za wanafunzi kwa kawaida huhifadhiwa na jimbo au na parokia iliyopokea waamini; andika kwa ofisi ya elimu ya jimbo ukitaja jina ulilotumia shuleni na mwaka uliohitimu. Pili, kama uliwahi kuchangia mfuko wa kudumu, una haki ya kuuliza mtaji wake umehamishiwa wapi na kwa masharti gani, na swali hilo huwa na nguvu zaidi likiulizwa na wahitimu kadhaa kwa barua moja. Tatu, uliza watoto walihamishiwa shule gani. Wahitimu wa shule zilizofungwa wanaweza kuanzisha ufadhili wenye jina la shule yao ndani ya shule iliyowapokea watoto hao, na barua ya makubaliano ieleze mambo yaleyale yaliyotajwa katika jibu la 8.